Siku Nilipotafuna Jukwaa la Mashariki

Shilingi laki saba, themanini na mbili elfu na mia tano. Hiyo ndiyo gharama ya jambo zima. Nimeihesabu mara mbili kama ninavyohesabu kila kitu, na mara ya pili ikaja laki saba na tisini na moja elfu, kwa hiyo ya tatu nimeogopa. Humo ndani kuna gego langu la kushoto, kuna nauli za bodaboda, na kuna soda nilizomnunulia mtu ili akubali tu kuniangalia usoni. Aibu sijaiweka kwa sababu haina bei. Ingekuwa na bei, mnanijua, ningekuwa nimeshaomba nipunguziwe. Nawasimulia mwenyewe kwa kuwa habari zimeshawafikia vipande vipande kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, na nasikia wanasema Mama Koleta alikula nyumba mbele ya mgeni rasmi. Mimi sikula nyumba. Nilikula jukwaa, tena la upande mmoja tu.

Wasionijua, mimi ni dalali wa mboga hapa Morogoro. Karoti, kabichi na njegere zikishuka kutoka Mgeta alfajiri zinapita mikononi mwangu kabla hazijafika kwenye sufuria ya mtu yeyote. Ukiniambia umeleta magunia mia nitayahesabu, nitayahesabu tena, na mara nyingi ni tisini na nane. Kununua kitu kwa bei ya kwanza sijawahi. Hata jeneza la mjomba wangu nilipunguziwa (fundi alikasirika, mjomba hakusema kitu). Kwa tabia hiyo hiyo watu wakaona nafaa kuwa katibu wa kamati ya kuufufua ukumbi wetu wa michezo, ule wa zamani kule chini ya mlima, uliojengwa enzi viwanda vikiwa viwanda na wafanyakazi wakicheza mpira wa kikapu jioni wakiwa na nguvu zao.

Ukumbi wenyewe mnaujua, au mmeusikia. Mabati yameoza kiasi kwamba mvua ya Uluguru ikinyesha nje, ndani inanyesha dakika tano baadaye na inaendelea hata nje ikishaacha. Popo wamejaa darini kuliko watazamaji waliowahi kukaa majukwaani. Sakafu ya mbao ina mahali ambapo wachezaji wazoefu wanaruka bila kuangalia, na mgeni anajifunza kwa kifundo cha mguu. Pamoja na hayo yote watoto wanacheza humo kila siku, na mdogo wangu Restituta, Resti tunamwita, anafundisha humo timu yake ya netiboli, wasichana kumi na wanne (nimewahesabu, kumi na wanne). Wasichana hao hawana chumba cha kubadilishia nguo. Hawajawahi kuwa nacho. Wanabadilishia nyuma ya khanga, wawili wanaishika, mmoja anabadilisha, zamu kwa zamu, huku wavulana wa mpira wa kikapu wakijifanya wanatafuta mpira upande ule ule. Binti mmoja mzuri sana, mfungaji, aliacha mwaka juzi kwa sababu hiyo tu. Resti alilia kama amefiwa.

Wenye jengo walishatuambia: mpaka mwisho wa mwaka tuwe na mtu wa kutoa fedha, la sivyo ukumbi unakodishwa uwe ghala la mchele wa Dakawa. Sina ugomvi na mchele, naula kila siku, lakini mchele hauhitaji kubadilisha nguo.

Kamati ikatafuta msanifu majengo tukampata Anjela, binti wa kutoka Bigwa, ana ofisi yake ndogo mjini, akakubali kutuchorea kwa nusu ya malipo yake ya kawaida (ndiyo, mimi ndiye niliyeongea naye). Nilidhani atakuja na futi kamba, apime, aondoke. Alikaa siku tatu. Alikaa juu ya majukwaa yale mabovu na daftari, anaangalia tu watu wanaingilia wapi, wanakaa upande gani jua likisogea, maji ya mlimani yanapita wapi mvua ikija. Alihesabu madirisha, na mimi nikahesabu nyuma yake, tukatofautiana moja. Kumbe yeye alihesabu na lile tundu la ukutani ambalo watu walilitoboa zamani ili waangalie mechi bure. Nikamwambia hilo ni tundu la wezi. Akasema, "Mama Koleta, watu wakishatoboa mahali, maana yake hapo dirisha lilihitajika."

Hapo nikaanza kumpenda.

Alisema tusibomoe. Kuta ni nzima kuliko sisi wote, tatizo lake ni kofia ziliyovaa. Tuzivue, tuzivalishe paa jipya lililoinuka, lenye uwazi kuzunguka pande zote ili joto litoke na mtu aliyekaa jukwaani auone mlima. "Paa litakuwa juu kwa mita tisa," akasema. Mimi, mdomo ukanitangulia, nikasema saba. Akanitazama. Nikasema saba na nusu, na gunia la karoti juu. Akacheka mpaka akafuta macho, akaandika tisa. Na chini ya jukwaa la mashariki, pale ambapo sasa kuna takataka na nyoka mmoja anayejulikana, akachora vyumba viwili vya wasichana, vyenye bafu, benchi na ndoano za kutundikia nguo. Resti alipouona ule mchoro aliuliza milango itakuwa ya rangi gani. Anjela akamwambia achague. Akachagua buluu.

Michoro watu wa kawaida hatuielewi, tuseme ukweli. Ukimwonyesha mtu mistari anaitikia kwa heshima tu. Basi Anjela akatengeneza modeli, yaani ukumbi mzima mdogo wa kuweka mezani, kwa wiki tatu, kwa mikono yake. Kuta za karatasi ngumu nyeupe, majukwaa ya lile povu jeupe linalozungushiwa friji mpya kwenye boksi, miti ya sponji ya kuoshea vyombo iliyopakwa kijani, na ndani uwanjani watu wadogo wa plastiki kama punje za mahindi. Paa lilikuwa jeupe pia, laini, linang'aa. Lilikuwa zuri mno. Nililitazama nikasikia njaa, na hiyo ingekuwa ishara kwangu, lakini nani anasikiliza ishara.

Mtu wa kutoa fedha tulimpata. Mzee Mkude, mwenye malori, Mluguru mwenzetu anayeishi Dar miaka mingi, ujana wake wote alicheza kikapu kwenye ukumbi huu huu. Akatuma habari kwamba atakuja Jumamosi, aone, na akiridhika atachangia paa. Paa peke yake, ndivyo alivyosema. Kamati ikapagawa. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Lukasi, mwalimu mstaafu asiyependa jambo lolote lifanyike bila itifaki, akataka turubai, muziki, mshereheshaji na keki. "Mgeni rasmi bila keki ni mkutano wa wazazi," akasema, na kamati ikapitisha.

Nikatumwa kumtafuta mshereheshaji. Nikaenda kwa mmoja wa harusi, jina lake la kazi ni Tangawizi, ambaye anauza kila kitu kwa pamoja: yeye mwenyewe na kipaza sauti, muziki, mama mmoja mpambaji, meza zenye vitambaa, na keki. Akataja bei. Nikamwuliza kama hiyo bei ni ya kuoa au ya kusikiliza watu wanavyooa. Tukavutana saa nzima. Alishuka, akashuka, akafika mahali akagoma kabisa, akasema, "Mama, hapa labda nitoe keki."

Nikasema, "Itoe."

Neno moja tu. Nilitoka pale natembea kama nimeuza lori zima la vitunguu. Ile nafuu nikaiongezea kwenye viti, kwa sababu nilikuwa nimehesabu waalikwa (mara mbili) na viti havitoshi, na nikajiambia mtu akikaa kwenye kiti ana furaha kuliko mtu aliyesimama na kipande cha keki. Hesabu nzuri kabisa. Mwalimu Lukasi akanipigia jioni kuuliza, "Bi Koleta, keki ipo?" Ningeweza kumweleza. Lakini kumweleza mwalimu mstaafu kitu ni kukaa darasani upya, nikaona nitanunua kikeki chochote asubuhi ya siku yenyewe, nikasema, "Ipo, Mwalimu."

Asubuhi ya siku yenyewe lori la kabichi liliharibika njiani na nikasahau.

Sasa tukafika Jumamosi mchana. Turubai limefungwa mbele ya ukumbi, viti mia mbili na ishirini, wasichana wa Resti wamevaa sketi zao wamejipanga mstari. Anjela alikuja mapema na modeli imefunikwa shuka, akaishusha kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala, akaniambia ile mashine ya kuonyeshea picha ukutani ameiazima kwa mtu huko Mzumbe, anakimbia kuichukua, atarudi kabla ya hotuba. "Mama Koleta, nakuachia wewe. Mtu asiguse."

"Nani atagusa?" nikamwambia. "Nenda mwanangu."

Nikaenda kuhesabu watu. Walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Nikarudia, mia mbili na kumi na saba. Niliporudi nikakuta mama mpambaji ameshafanya kazi yake. Yeye maisha yake yote anapamba harusi, meza anazo tatu: ya maharusi, ya wazee na ya keki. Alipokuta kitu kikubwa cheupe kimefunikwa shuka, hakuuliza mtu, alikifunua. Alikiweka pale ambapo mikono yake imezoea kuweka kitu kikubwa cheupe: katikati, mbele, juu ya meza ya duara yenye kitambaa cha dhahabu, akazungusha maua na utepe, na pembeni akalaza kisu kirefu chenye kifundo cha utepe mwekundu, sahani za karatasi, tishu, na vijiti vya meno. Na mimi, jamani, mimi nikasimama pale nikaangalia, nikaona ukumbi wetu umependeza kweli juu ya dhahabu ile, nikamwambia, "Hongera mama, una jicho." Kisu nilikiona. Nilidhani ni cha kukatia utepe.

Mzee Mkude akafika. Mrefu, amepinda kidogo, suti ya rangi ya kahawia, meno ya bandia safi kabisa. Tukaamkiana, shikamoo, marahaba, tukaimba, Mwalimu Lukasi akasoma risala yenye kurasa nne. Anjela hajarudi. Nikamwambia Tangawizi avute muda kidogo. Hilo ndilo kosa langu la tatu, kama mnahesabu. Kumwambia mshereheshaji wa harusi avute muda, maana yake anafungua karatasi yake ya ratiba, na karatasi ya Tangawizi ni moja tu, ameichapisha miaka hiyo, anabadilisha majina ya maharusi.

"Mabibi na mabwana!" akaanza, na muziki ukapanda. "Wazee kwa vijana! Sasa tunaingia kwenye lile tukio tamu kuliko matukio yote! Namwomba mgeni rasmi asogee mbele, anyooshe mkono wake wa kulia, atukatie keeeeki!"

Vigelegele. Watu mia mbili na kumi na saba wakasimama na simu zao.

Nilinyanyuka. Naapa nilinyanyuka, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini Mwalimu Lukasi alinishika mkono, macho yanang'aa, akaninong'oneza, "Bi Koleta, leo umeniweza. Keki yenye umbo la ukumbi wenyewe! Na paa lake! Nilikuwa na wasiwasi na wewe, nisamehe."

Mnaona nilivyofungwa? Nikisema si keki, ataniuliza keki iko wapi, mbele ya watu, na jibu ni kwamba mmeikalia. Nikajiambia Mzee mwenyewe akifika karibu ataona. Ni mtu mzima, ana miwani. Lakini keki za siku hizi mnazijua, mtu anaoa anakata keki yenye umbo la gari, mwingine anahitimu anakata keki yenye umbo la kompyuta. Mzee akainama, akaiangalia kwa upendo wa kweli, akasema kwenye kipaza sauti, "Watoto wa siku hizi wana akili. Na milango wameweka! Naona huruma kuikata."

"Kata baba, kata!" watu wakaimba.

Akakata. Kisu kikapita kwenye paa, kikashuka kwenye jukwaa la mashariki, na lile povu likalia. Mnajua povu la friji linavyolia likikatwa, kriiii, meno yote yanasisimka. Watu wakanyamaza nusu sekunde. Tangawizi, mtu wa kazi, akaruka: "Mnaisikia? Hiyo ndiyo keki ya kisasa, inajibu!" Vigelegele vikarudi mara mbili.

"Sasa mgeni wetu amlishe mwenyeji wake! Amlishe nani?"

"Amlishe katibu," akasema Mwalimu Lukasi kwa ukarimu. "Ndiye aliyehangaika na hii keki."

Basi nikasimama mbele ya Mzee Mkude, naye akachoma kwa kijiti kipande cha jukwaa la mashariki, ngazi tatu na nusu ya mti, akakileta mdomoni mwangu huku akitabasamu kama baba. Nilimtazama machoni nikimwomba kwa macho tu aelewe. Akasema, "Fungua mwanangu, usione aibu."

Nikafungua.

Povu halina ladha, kama mnataka kujua. Linakuwa kama kutafuna sauti. Mti ulikuwa na ladha ya rangi. Nikatafuna mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu nikauma kitu kigumu, kah, gego likasema kwaheri na machozi yakanitoka yenyewe (baadaye Anjela alikihesabu kikosi chake akaniambia niliyemuuma alikuwa mwamuzi).

"Machozi ya furaha hayo!" Tangawizi akanisogezea kipaza sauti. "Mama, keki vipi?"

"Tamu," nikasema, na kipande cheupe kikaruka kikatua kwenye suti ya Mzee.

Na desturi yetu mnaijua, ukilishwa unalisha. Nikapewa kijiti nimlishe Mzee Mkude, mtu wa miaka zaidi ya sabini, mwenye meno ya bandia, mwenye paa letu mfukoni. Nikakiangusha kipande makusudi. Watu wakacheka, nikapewa kingine. Nikakiangusha. "Mama ana kiwewe!" Nikapewa cha tatu, na wakati huo huo naona kwa pembe ya jicho mama mpambaji, mikono myepesi kama ya mganga, ameshakata upande wote wa mashariki vipande vidogo vidogo, anavifunga kwenye tishu, sinia la kwanza limeshafika safu ya kumi na kina mama wanavipokea wanaweka kwenye mikoba, za watoto nyumbani. Na Mwalimu Lukasi, ambaye hasubiri kulishwa na mtu, ameshajichukulia chake. Anatafuna taratibu, kwa heshima zote, uso wake kama anasahihisha mtihani wa mtoto wa rafiki yake. Akameza. Akaniinamia sikioni.

"Bi Koleta. Hii keki ni ya lini?"

Hapo ndipo Anjela akaingia na mashine yake kifuani, anahema. Akasimama. Akaangalia meza, akaangalia sinia, akaangalia kijiti mkononi mwangu, na jukwaa kwenye ncha ya kijiti, na mdomo wa Mzee ukiwa wazi unasubiri.

"Mnakula nini?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningevumilia. Muziki ukazimwa, sijui na nani. "Mama Koleta," akasema, "nimekuachia kwa saa mbili tu."

Nikachukua kipaza sauti, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuchukua, nikasema kwamba ndugu wageni, hiyo si keki, hiyo ni kazi ya mikono ya msanifu wetu, keki niliiondoa kwenye bei nikaongeza viti. Halafu mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Sasa mbona ulisema tamu?" na hapo watu mia mbili na kumi na saba wakapasuka, wengine waliteremka kwenye vile viti nilivyowaongezea wakakaa chini kabisa. Tangawizi akaanza kujitetea, "Mimi keki nilitoa! Ila kwenye ratiba sikutoa, ratiba ilichapishwa!" Mwalimu Lukasi alikuwa ameshika tumbo, si kwa kicheko. Resti alikuwa amejifunika uso kwa filimbi na mikono yote miwili, na nilijua anawaza mchele.

Mtu mmoja tu hakucheka wala kukasirika. Mzee Mkude alikuwa ameinama juu ya meza, miwani imeshuka puani, anachungulia ndani ya pengo. Maana ukumbi ulikuwa umefunguka, kwa mara ya kwanza mtu anaona tumbo lake: uwanja, mabenchi, njia ya viti vya magurudumu, uwazi wa paa. Akaingiza kidole.

"Binti," akamwita Anjela, "hapa palikuwa na nini? Naona sakafu, naona mabomba mawili, kuta hazipo."

Anjela akageuka kumtazama Resti. Akajibu Resti.

"Vyumba vya wasichana kubadilishia nguo, baba."

"Viko wapi?"

"Vimegawiwa, baba. Vimo kwenye tishu."

Watu wakacheka tena lakini kicheko kikafa njiani, kwa sababu Mzee hakuinua kichwa. "Kwa hiyo hata kwenye karatasi hawana," akasema, kama anaongea na meza. Kisha, "Na sasa hivi wanabadilishia wapi?"

Resti aliwaita mabinti wawili, akachomoa khanga kiunoni mwake, wakaishika huku na huku, binti wa tatu akasimama nyuma yake. Ilipeperuka kidogo na upepo wa mlimani, tukaona miguu na mabega yake. Wakasimama hivyo hivyo. Turubai zima tulijikuta tunaangalia chini.

"Nilipokuwa nacheza hapa," Mzee akasema, "dada zetu walikuwa wanashika khanga pale pale." Akaonyesha pembe yenyewe, bila kukosea. "Nami nilikuwa nikienda kutafuta mpira upande ule."

Akanyooka, akajifuta lile povu kwenye suti, akatuambia paa tutafute wenyewe, yeye atajenga vyumba. Vikishajengwa hakuna mtu atakayethubutu kuweka mchele mahali penye bafu la wasichana, na wenye paa watajitokeza. Ila malori siku hizi yanasimamiwa na wanawe watatu, nao hawasikii maneno, wanaamini wanachokiona. Atawaleta Jumamosi ijayo, wauone ukumbi huu huu, uwe na pengo, usiwe na pengo, lakini vile vyumba viwepo mahali pake, wavione kwa macho. "Nivikute," akaniambia mimi, si mwingine. Kisha akaomba soda.

Sasa nimejifunza nini? Kwamba ukipunguza kitu kwenye bei, mwambie kila mtu ulichopunguza, hasa yule mwenye kipaza sauti. Na nimeapa, mbele ya daktari wa meno aliyekataa kunipunguzia hata mia, kwamba sitasema "tamu" tena hadharani kabla sijameza.

Lakini kiapo hakirudishi chumba. Anjela alikubali kuniangalia usoni siku ya tatu. Kuta na paa ameanza kuziunga, ila vile vyumba amekataa kata kata kuvirudia: alivitengeneza siku nne kwa kibano cha nyusi, ndoano moja moja, na anasema nilivipoteza mimi nitavileta mimi. Nikajaribu kutengeneza vyangu kwa boksi la sabuni. Resti aliviangalia akaniuliza mbuzi wangapi wataishi humo. Basi tangu Jumapili nazunguka nyumba kwa nyumba, Kichangani, Mji Mpya, Kilakala, nabisha hodi naomba keki yangu. Ngazi za jukwaa nilizikuta mtoto ameegesha magari. Mama mmoja alikiri alimpa mbwa, mbwa akakataa. Vipande vilivyofungwa vilikuwa arobaini na kimoja, nimepata ishirini na tisa, nimehesabu mara mbili.

Leo ni Alhamisi. Ndugu zangu, mliokuwepo, au mwenye shangazi aliyekuwepo, nawaomba mkaangalie kwenye mikoba ile ya sherehe, chini kabisa, kwenye tishu nyeupe iliyokunjwa pembe nne. Ni kitu kidogo, kinaenea kwenye kiganja: vyumba viwili vimeshikana, ndani benchi na ndoano nyembamba kama nywele, milango miwili ya buluu. Kileteni kwangu sokoni kabla ya Jumamosi, sitauliza kilikuwa kwa nani, na bei nitawapa ile ile mtakayotaja. Hata kama kimeng'atwa kidogo, msikitupe, nileteeni hivyo hivyo.